Una hela ya kitu kimoja tu: bonanza, semina, mnasihi, kikundi au supavisheni kwa timu ya ulinzi wa mtoto?

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja, mratibu wa shirika dogo huku Kanda ya Ziwa, alinipigia saa tatu usiku akaniambia dada, mwaka huu nimepata hela kidogo ya kuwaangalia wafanyakazi wangu, sio watoto, wafanyakazi wenyewe, na inatosha kitu kimoja tu, sasa nichague kipi maana kila mtu ananiambia la kwake. Ana watu saba, watano wanashika kesi na wawili wanajitolea kwenye kata. Mkurugenzi anataka bonanza, mfadhili kapendekeza semina ya siku mbili, na wafanyakazi walipoulizwa wakasema wanataka nauli. Nikamwambia nipe siku mbili nikuandikie vizuri. Nilivyoanza nikaona bora na wengine wasome, sababu swali hili hili nimeshaulizwa na maafisa ustawi wenzangu wa halmashauri, na askari wa dawati la jinsia na watoto, na vijana wanaoshika kesi kwenye kambi za wakimbizi kule Kigoma.

Mimi nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi na karibu vyote hivi nimevipitia, vingine kama mshiriki, vingine nikiwa ndo nimeviandaa, kwahiyo nitasema nilichokiona na nitasema wapi nadhani hela inapotea.

Kwanza ujue wamechoka uchovu gani

Hapa ndo watu wengi wanaruka. Wanasema tu "timu imechoka" alafu wanaagiza dawa moja kwa wote, wakati nnavyoona mimi kuna uchovu wa aina tatu na kila mmoja una tiba yake.

Wa kwanza ni wa kazi kuwa nyingi. Mafaili, fomu, mfumo wa kujaza taarifa, vikao, simu, bodaboda kwenye mvua, hela ya mafuta mpaka utoe mfukoni kwako. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 waliuelezea vizuri, wakasema unatokana na stresi ya kazini ambayo haikushughulikiwa, na wakataja alama tatu: nguvu zinaisha, mtu anaanza kuiona kazi yake kwa mbali au kwa kuidharau, na anajiona hawezi tena. Hawakuuita ugonjwa, waliuita hali ya kazini, na hilo neno "kazini" mratibu ulishike sana maana linakuhusu wewe na sio mfanyakazi peke yake. Nilikuwa na mwenzangu, mama mpole kuliko wote ofisini, siku moja ameletewa taarifa ya mtoto ambaye halishwi nyumbani akauliza "hiyo nayo ni kesi?" Wote tukanyamaza. Hakuwa amekuwa mbaya, alikuwa amekwisha.

Wa pili ni ule wa maumivu ya mtoto kuhamia kwako. Mmarekani Charles Figley aliandika sana habari hii miaka ya tisini, ndo huu wanaouita uchovu wa huruma. Unaweza kuwa na kesi nne tu lakini moja ikakuingia. Unaota kitu ambacho hakikukutokea wewe, unasikia harufu ya kile chumba ulichomkuta mtoto, unashindwa kumwacha mwanao na mjomba wake hata dakika kumi, na huwezi kumwambia mtu kwanini maana mjomba hana kosa lolote. Wadada wengi kwenye kazi hii wanaishi hivyo kwenye nyumba zao na hawasemi.

Wa tatu hauongelewi sana na kwangu mimi ndo unaoua watu zaidi hapa kwetu. Ni kesi kuanguka mikononi mwako. Umemkimbiza mtoto hospitali, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, imejazwa, jalada limefunguliwa, daktari kaandika, umefika mpaka mahakamani alafu siku ya shahidi mama anasema mtoto kasafiri kwenda kwa bibi, na wewe unajua kabisa familia zimekaa zikamalizana, ng'ombe ametoka au hela imetoka. Unarudi ofisini na faili. Mtuhumiwa unapishana naye sokoni Jumamosi. Huo uchovu haulaliki, hata ukipewa wiki nzima ya kulala.

Kama unataka kujua timu yako iko wapi kuna dodoso linaitwa ProQOL, ni la bure, maswali 30 kuhusu siku 30 zilizopita, linapima pande tatu: raha unayoipata kwenye kusaidia, uchovu wa kazi, na majeraha yanayotokana na kusikia ya wengine. Mtu anajijazia mwenyewe na anabaki nalo mwenyewe. Tafadhali usiyakusanye ukayaweka kwenye faili la mtu wala usiyatumie kupima utendaji, ukifanya hivyo mara moja tu hawatakuandikia ukweli tena.

Sasa tuviweke pembeni kwa pembeni

Bonanza. Nalijua vizuri, jezi, mbuzi wa kuchoma, mpira, kuvuta kamba, wakubwa wanacheza muziki na wadogo, picha nyingi. Mimi silidharau. Watu wanaofanya kazi ya kuona watoto wameumizwa wanahitaji siku ya kucheka, na kuna vijana niliwajua kwa majina yao siku ya bonanza baada ya kukaa nao ofisini mwaka. Linasaidia kidogo kwenye uchovu ule wa kwanza kama limewekwa siku ya kazi, nasema siku ya kazi, maana ukiliweka Jumamosi umewanyang'anya siku yao na mama mwenye watoto wadogo atakuja akiwa na hasira. Kwenye uchovu wa pili na wa tatu halifanyi kitu. Bonanza letu moja dada wa zamu alipigiwa simu saa sita mchana kuna mtoto kituoni, akaondoka na jezi yake ileile kwenye bodaboda, na Jumatatu hakuna aliyemuuliza aliikuta hali gani. Hela iliyotumika siku ile ingelipa nauli ya miezi mingi. Ukilinganisha na vingine, bonanza linakula hela nyingi kwa siku moja na linaisha siku ileile.

Semina ya kujitunza. Hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimekaa kwenye nyingi. Mwezeshaji anatoka mjini na slaidi, anawaambia mlale masaa nane, mnywe maji, mfanye mazoezi, mjifunze kusema hapana. Kusema hapana kwa nani? Afisa ustawi aliyeko peke yake kwenye tarafa akisema hapana mtoto analala kituo cha polisi. Semina ya namna hiyo inamwachia mfanyakazi mzigo mara mbili, kwanza kazi na pili lawama ya kutojitunza, anarudi nyumbani amesaini posho na anajiona mzembe.

Ila kuna semina nyingine ambayo naipa alama, ile ya kufundisha kitu cha mikono. Namna ya kupumua taratibu kabla hujaingia nyumba ya mtu na baada ya kutoka, namna ya kuuliza mtoto maswali machache yanayotosha ili usisikilize zaidi ya unachohitaji (na mtoto naye asirudie rudie), namna ya kufunga siku, yaani unafunga faili, unaandika mstari mmoja wa kesho, unanawa uso, unabadilisha nguo za kazi kabla hujamshika mwanao. Hivyo vinasaidia kweli kwenye uchovu wa pili. Lakini vinahitaji kurudiwa, na siku mbili hotelini hazirudii. Kama mfadhili ameng'ang'ania semina mwombe azikate zile siku mbili kuwa nusu siku nne kwa mwaka, hapohapo ofisini kwenu.

Mnasihi au mwanasaikolojia wa nje. Hiki ndo kitu chenye nguvu zaidi kwa mtu ambaye uchovu wa pili umeshamshika, haoti tena vizuri, halali, anakunywa pombe kuliko zamani, analia kwenye bodaboda. Kikundi hakimtoshi huyo na msimamizi hamtoshi. Shida zake ziko nne na lazima uzijue kabla hujatoa hela. Bei, maana kwa kila mtu mara kwa mara timu ndogo haiwezi. Umbali, nje ya miji mikubwa kumpata mtaalamu ni safari. Udogo wa mji, sisi tulipelekewa mnasihi mzuri kabisa kumbe ni shemeji wa mmoja wetu, hakuna aliyerudi mara ya pili. Na ya nne ni aibu, hapa kwetu ukisema unaenda kwa mtu wa akili wanakutajia hospitali ya Mirembe, wanadhani umeanza kurukwa, na askari wa dawati ndo kabisa, anaogopa kuonekana hafai kushika kazi.

Dawa ya hizo mbili za mwisho tuliipata kwa simu. Mnasihi yuko mkoa mwingine kabisa, ofisi inalipia vipindi na vocha, mfanyakazi anapiga mwenyewe muda wake akiwa popote, na ofisi inaletewa idadi ya vipindi tu, hakuna jina. Wa kwanza akienda akarudi anacheka, wa pili anafuata. Kwahiyo kwenye mizani mnasihi nampa namba ya juu kwa mtu mmoja mmoja aliyeumia, na namba ya chini kama mpango wa timu nzima.

Kikundi cha wenzako. Hiki ni cha watu wasio na hela, na sisemi hivyo kukishusha. Watu sita mpaka tisa wanaofanya kazi ileile, wanakaa mara mbili kwa mwezi, saa moja na nusu, mlango umefungwa. Sisi tulikianzisha kwenye kikoba, maana kila Alhamisi ya pili tulikuwa tunakutana kuweka hisa, tukasema basi kabla ya kufungua sanduku tuanze na dakika 40 za kesi. Hakuna aliyepata shida kutoka nyumbani, mume anajua mke yuko kikoba.

Mwanzo hatukujua kukiendesha. Miezi miwili ya kwanza kiligeuka kijiwe cha kumsema bosi, raha sana, alafu kila mtu anatoka akiwa mzito kuliko alivyoingia. Kuna siku pia mmoja alielezea kesi mwanzo mpaka mwisho na kila kilichompata mtoto, tukalala vibaya wote tisa, yaani jeraha la mtu mmoja tumeligawana kama mchango wa harusi. Ndo tukajifunza utaratibu ambao baadae nikaja kujua unafanana na ule alioanzisha daktari Michael Balint na madaktari wa London miaka ya hamsini. Mtu mmoja analeta kesi moja, anaongea dakika kumi, na anaongelea zaidi kilichomkaa yeye kuliko kilichompata mtoto. Wengine wanauliza maswali mafupi. Kisha yeye anakaa kimya anasikiliza, wengine wanafikiria kwa sauti, hakuna ushauri wa haraka haraka na hakuna "mimi yangu ilikuwa mbaya zaidi." Mwisho anarudi anasema anaondoka na nini. Basi. Jina la mtoto halitajwi, kijiji hakitajwi, na mambo yale hayaendi WhatsApp kabisa. Hili la WhatsApp nalikazia, nimeona magrupu ya kazi watu wanatupia picha ya mtoto na hadithi yake saa nne usiku kwa nia nzuri kabisa, na pale umemvua mtoto nguo mbele ya watu 200 na umewaumiza wenzako waliokuwa wanaelekea kulala.

Kwenye uchovu wa tatu kikundi kinashinda vyote, nimekaa nikafikiria sana hili na naamini. Kesi ikianguka mahakamani unachohitaji ni mtu anayejua hatua zote ulizopita, anayejua kwamba ulifanya kila kitu, akakuambia hapana, hukukosea, hata mimi ile ya mwaka juzi iliisha hivyohivyo. Mwanasaikolojia atakuelewa ila mwenzako alikuwepo. Na msije mkadhani mpaka mtu awe na digrii ndo aweze kumsikiliza mwenzake ikafaa. Zimbabwe, Dokta Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu wenye msongo, hatua ya kwanza wanaiita kwa Kishona kufungua akili, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi na bibi aliyefundishwa.

Udhaifu wa kikundi ni kwamba hakina nguvu ya kubadilisha chochote. Kikundi hakipunguzi mafaili, hakitoi ruhusa, hakilipi nauli. Na kinakufa mtu mmoja akivujisha neno moja.

Supavisheni. Naomba nieleweke, siongelei ule usimamizi shirikishi wa kuja na gari na fomu ya kutiki. Naongelea saa moja kila wiki mbili, wewe na mtu mmoja aliyekutangulia kwenye kazi, simu zimezimwa, mnapitia kesi zako na kisha mnakupitia wewe. Mmarekani Alfred Kadushin, mwalimu wa ustawi wa jamii, tangu 1976 aliisema kazi ya msimamizi kwenye ustawi wa jamii ina mambo matatu: kuhakikisha kazi inaenda, kufundisha, na kumshika mkono mfanyakazi. Waliosoma pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii Kijitonyama wanakumbuka. Sasa nenda ofisi yoyote uone, jambo la kwanza linafanyika kila siku, fomu ziko wapi, ripoti ya robo iko wapi, idadi iko wapi, la pili linafanyika mara moja moja na la tatu halipo kabisa.

Msimamizi wa kwanza aliyenifanyia la tatu alikuwa mama mmoja karibu anastaafu. Nilikaa mbele yake nikamsomea faili, akaniacha nimalize, akaniuliza, "Na wewe, usiku wa siku ile ulikula nini?" Sikuwa nimekula. Sikuwa hata nimegundua. Nikalia kama nusu saa, alafu akachukua faili akaniambia haya sasa hii kesi hatua inayofuata ni hii na hii, hii barua nitaisaini mimi, na hili la kumhamisha mtoto sio la kwako peke yako ni la kwetu wawili. Pale ndo niliona tofauti ya supavisheni na vingine vyote, maana imegusa uchovu wote watatu kwa saa moja, mzigo wa kazi umepungua barua moja, maumivu yamepata pa kukaa, na uamuzi mgumu sikuubeba peke yangu.

Kwahiyo kwanini kila mtu asifanye hiyo? Sababu ni mtu wa kuifanya. Bosi anayesaini mkataba wako na kukufanyia tathmini ya mwaka huwezi kumwambia kwamba wiki iliyopita ulishindwa kuingia nyumba ya mtoto ukageuza bodaboda. Huwezi. Hata awe mwema vipi. Na yeye mwenyewe nani anamsimamia? Kwenye miongozo ya kimataifa ya kushika kesi za watoto kwenye majanga wanasema mfanyakazi mmoja asizidi watoto 25, na msimamizi mmoja awe na watu watano au sita, zaidi ya hapo saa ile haipatikani, hata mkiweka kwenye kalenda.

Tukio baya likitokea leo jioni

Hili naliweka peke yake maana watu wanachanganya. Mtoto amefariki, au mfanyakazi amevamiwa na familia, na ofisi inakimbilia kumwita mtu aje awakalishe wote chini kila mmoja aelezee alichokiona na alivyojisikia, siku hiyohiyo. Zamani tuliambiwa ndo sawa. Utafiti uliokusanywa na watu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, walioupitia upya 2002, ulikuta kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii mtu kupata madhara ya baadae na kwa baadhi kinaweza kuwaongezea, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Bora msaada wa kwanza wa kisaikolojia, mwongozo wao ulitoka 2011 na una maneno matatu tu, tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani hajala, nani anatetemeka, nani hana wa kwenda naye nyumbani. Sikiliza anayetaka kuongea na usimlazimishe asiyetaka. Unganisha, mpeleke nyumbani, mpigie ndugu yake, chukua simu yake ya kazi umpe mwingine. Kesi zake za kesho zigawe kabla hajauliza. Baada ya wiki tatu nne ukiona bado halali, mnasihi.

Vitu ambavyo sio vya kuchagua

Kuna mambo mratibu huwezi kuyaweka kwenye mizani na bonanza, ni haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya siku 28 kwa mwaka na mapumziko ya masaa 24 kila wiki, wenzetu Kenya ni siku 21 za kazi. Nimeona mashirika wanatoa hela ya semina ya kujitunza huku kuna mtu hajaenda likizo miaka miwili kwa sababu hakuna wa kumshikia mafaili. Anza hapo kwanza. Andika jina la anayemshikia mafaili, sio "timu itaangalia."

Simu nayo. Kama kila mama kijijini ana namba binafsi ya mfanyakazi wako basi huyo hana usiku. Nunua laini ya ofisi na simu ndogo ya batani, izunguke kwa zamu, na jamii ifundishwe namba 116, ya bure, ipo Tanzania na ipo Kenya. Nauli ni hivyohivyo, wale wafanyakazi waliosema wanataka nauli hawakuwa wanakwepa swali, walikuwa wanajibu. Mtu anayetoa nauli mfukoni kwenda kumwona mtoto wa mtu wakati wake anadaiwa hela ya daftari, huyo anachoka kabla hajafika.

Na wale wawili wa kujitolea kwenye kata. Hawana mkataba, hawana likizo, hawana bosi wa kuwauliza wamekula nini, lakini ndo wanaogongewa mlango wa kwanza, na wanaishi mtaa mmoja na mtuhumiwa. Mpango wowote utakaouchagua ambao hawamo ndani yake mimi siuhesabu.

Nilichomwambia mdogo wangu

Ungekuwa na hela nyingi ningesema supavisheni kila wiki mbili, kikundi kila mwezi, na mnasihi wa simu anasubiri. Ungekuwa huna hata shilingi ningesema kikundi, anzeni Alhamisi hii, utaratibu ni ule wa juu. Una watu zaidi ya kumi na ofisi ina wasimamizi wanaoaminika ambao hawasaini mikataba, supavisheni, moja kwa moja, hata usifikirie. Timu ya askari wa dawati ambao wanahamishwa kila mara, kikundi hakikai, kwao ningeweka mnasihi wa simu. Kambini, ambako vijana wanaoshika kesi wengine ni wakimbizi wenyewe na yanayowapata watoto yameshawapata na wao, ningeweka vyote viwili, msimamizi na mnasihi, na ningegoma kabisa kupunguza.

Lakini yeye ana watu saba, ana hela ya kitu kimoja, na yeye mwenyewe ndo bosi anayesaini mikataba, kwahiyo supavisheni yake haitafunguka hata akijitahidi. Nikamwambia tafuta mstaafu. Kila wilaya ina afisa ustawi aliyestaafu, yuko na kuku wake na mjukuu, ana miaka 30 ya kesi kichwani na hakuna anayemuuliza kitu. Mlipe nauli, chakula na kitu cha heshima, aje siku mbili kwa mwezi. Siku ya kwanza asubuhi akae na wale watano mmoja mmoja, saa moja moja ikibidi ifike jioni, na siku ya pili akae na wote saba kwenye kikundi, wa kata wakiwemo na nauli yao imelipwa. Asilete ripoti kwako ya nani kasema nini. Akuletee kitu kimoja tu kila mwezi, mambo ambayo ofisi inatakiwa ibadilishe, bila majina, na wewe uahidi mbele ya watu kwamba mwezi unaofuata utajibu moja kati ya hayo hata kama jibu ni hatuwezi na kwanini. Muandikishe kiapo cha kutunza siri kama wafanyakazi wengine. Miezi mitatu ya kwanza msimpime, muacheni azoeleke.

Akaniuliza na mimi je, nani ananisikiliza mimi. Nikamwambia na wewe una saa yako kwa huyo mzee, ya mwisho, watu wakishaondoka, na usiitoe kwa mtu mwingine hata siku ikiwa na haraka.

Kiasi kilichobaki, ni kidogo, tumekubaliana ni vipindi sita vya mnasihi wa simu kwa atakayehitaji, na laini moja ya ofisi. Mfadhili bado anataka picha za semina, atamwandikia wiki hii. Ameshampata mama mmoja mstaafu, anakaa kilomita nane kutoka ofisini, na mama ameuliza swali moja tu kabla ya kukubali, kama kile chumba kina mlango unaofunga.